Naomba ushauri: napeleka chakula kwa pikipiki Dubai, barabara zinanitisha

Habari zenu wakuu. Nina miezi mitano hapa Dubai. Nyumbani Tanga niliendesha bodaboda miaka sita, nikajiona nimeiva. Huku ni mambo mengine kabisa.

Wanaendesha upande wa kulia. Mchana nimeshazoea, ila saa saba usiku nikiwa nimechoka, nikitoka kituo cha mafuta mkono unanivuta kushoto wenyewe. Wiki iliyopita niliingia hivyo hivyo, gari likaja na mataa na honi usoni, nikaponea chupuchupu. Nilikaa pembeni mpaka miguu ilipoacha kutetemeka. Mke wangu sijamwambia.

Halafu kuna E311, barabara kuu yenye njia nyingi. Sisi wa pikipiki haturuhusiwi njia za kushoto za mwendo kasi, kwa hiyo tunabanana kulia na malori, na magari yanayochepuka kutoka yanakukata mbele ghafla. Lori likikupita upepo wake unakusukuma. Na ukungu wa alfajiri wa majira ya baridi bado sijauonja.

Bosi analipa kwa oda, ukienda taratibu mfuko unalia.

Mliotangulia huku, au Muscat na Doha, mlijizoezaje upande wa kulia hadi ukakaa mwilini? Ukungu ukishuka mnasimama au mnaendelea? Na je, nivumilie mkataba uishe, au nitafute kazi ya stoo hata kama mshahara ni mdogo? Mwanangu ana miaka miwili, nataka nirudi mzima.