Stesheni ya TAZARA Mbeya: ikarabatiwe au ivunjwe ijengwe mpya?

Kijana wa Sokomatola
Wadau, TAZARA, reli yetu ya Dar kwenda Zambia, inarudi mikononi mwa Wachina walioijenga kwa ukarabati. Zamu ya stesheni yetu ikifika, ibaki ileile ya wazee au ivunjwe tupate kama ile ya SGR Dar yenye umbo la Tanzanite? Mi nasema isiguswe. New York walikuwa na Pennsylvania Station ya 1910, nguzo za mawe, ukumbi wa maana, 1963 wakaanza kuibomoa wakaweka Madison Square Garden juu, abiria wakabaki wanapita chini ya ardhi. Watu walilalamika mpaka 1965 jiji likaunda tume ya kulinda majengo ya kale, lakini stesheni ndo ilishaenda.

MtuwaIpogolo
Unalinganisha nguzo za mawe na lile boksi la zege? Jengo la juzi tu, miaka ya sabini. Vunja, jenga.

Mwanjelwa Original
Boksi?? We uko Iringa, mji wenu haujawahi kuona hata taruma moja, unatushauri nini kuhusu stesheni? Kanywe ulanzi.

MtuwaIpogolo
Ulanzi umeingiaje hapa? Makambako ilikuwa mkoa wa Iringa mpaka Njombe ilipozaliwa 2012, kwa hiyo treni imesimama mkoani kwetu zaidi ya miaka 30. Na mzee wangu alikuwa kibarua kipande cha Mlimba kuja Makambako, daraja handaki daraja handaki, kipande kigumu kuliko vyote, nyie Mbeya mlikuta reli imeshatoboa milima.

bena_wa_kweli
Makambako ni Njombe, tafadhali. Mama zetu ndo wanaokimbilia madirisha ya behewa na mabeseni ya viazi kichwani usiku na baridi ile, leo mnatugawana kama shamba la urithi.

Kijana wa Sokomatola
Jamani nimeuliza jengo...

MtuwaIpogolo
Jengo siyo historia. Historia ni watu. Wachina waliofia ujenzi wana makaburi yao Gongo la Mboto, yanatunzwa, watu wanaweka maua. Vibarua wetu wamewekewa nini huku Nyanda za Juu?

bena_wa_kweli
Hapo nakuunga mkono. Ijengwe makumbusho yao, na ijengwe Makambako.

Mwanjelwa Original
Thubutu. Stesheni kubwa iko Mbeya, majina ya wazee yaandikwe ukutani palepale, na huo ukuta nani tena atauvunja.

bena_wa_kweli
Waliotoboa milima hawakuitobolea Mbeya. Makambako.