Naomba ushauri: redio ya intaneti inakula bando kiasi hiki kweli?

Wadau, habari zenu. Tangu redio yetu ya zamani ife, nyumbani tunasikiliza kwa intaneti: simu imeegeshwa juu ya friji, spika ndogo pembeni. Inawashwa asubuhi, inazimwa watu wakienda kulala. Mama hata akitoka kuanika nguo anataka akirudi aikute inaongea.

Sasa bando la mwezi linakata mapema na lawama zote ni za redio. Nimepiga hesabu: stesheni inayorusha kwa kilobiti 128 kwa sekunde inakula kilobaiti 16 kila sekunde (biti 8 ni baiti 1), yaani kama MB 58 kwa saa. Saa 10 kwa siku ni MB 576, na kwa siku 30 inapita GB 17. Nami nilidhani sauti tupu haili kitu! (Mdogo wangu naye huangalia video usiku, ila anaapa hahusiki.)

Kwa kilobiti 64 matumizi yangeshuka nusu. Je, naweza kuchagua ubora wa chini mwenyewe, au ni mpaka stesheni iwe na mkondo huo? Na muziki utasikika vizuri, au kama unatoka ndani ya debe? Halafu jana nilinyamazisha spika tu bila kusimamisha programu, kipimo cha data kwenye simu kikaendelea kupanda vilevile. Kuna programu inayojizima yenyewe baada ya muda? Iwe rahisi tafadhali, mtumiaji mkuu ni mama.