Tupeane uzoefu: Mji mdogo, tamasha kubwa la jazi. Marciac wamewezaje?

Saksafoni Tena: Wadau, mnaotaka kuanzisha tamasha wilayani, itazameni Marciac, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Wakazi hawafiki 1,500, na jazi inapigwa huko tangu 1978. Walianza na waliokuwa jirani: Bill Coleman, mpiga tarumbeta Mmarekani aliyehamia mkoa huohuo wa Gers, na mpiga saksafoni Guy Lafitte. Majina makubwa yalikuja baadaye. Ukianza kwa kukopa ili umlete nyota, mwaka wa pili huna tamasha.

Mama Kinanda: Hapo sawa. Ila tamasha likifanyika hemani, kama la Marciac, kinachosumbua ni piano. Unyevu ukipanda, ubao wa sauti unavimba na noti za katikati zinapanda. Taa za jukwaa zikiwaka, nyuzi zinapata joto na sauti inashuka. Ukityuni, yaani ukirekebisha sauti za nyuzi, asubuhi hema likiwa tupu, umefanya kazi bure. Piano ilale jukwaani usiku mmoja, ityuniwe taa zikiwa zimewashwa, ikaguliwe tena baada ya majaribio ya sauti. Na mkubaliane mapema noti ya A iwe hezi 440 au 442, maana vibrafoni, ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa, haityuniwi pale jukwaani.

Fundi Turubai: Hema kuu la Marciac, la watu kama 6,000, husimama kwenye uwanja wa raga. Kwa hema lolote, kipima upepo kifungwe juu, kwenye kilele cha hema, chini kitakudanganya. Kikomo cha upepo kimo kwenye karatasi za mtengenezaji. Awepo mtu mmoja tu mwenye amri ya kutoa watu, na asiwe yule anayehesabu mapato ya mlangoni! Mvua nayo hutuama pale turubai lilipolegea, uzito unalilegeza zaidi, mwisho linachanika. Kazeni kamba kabla ya wingu.

Mwalimu wa Solfa: Mnasahau shule. Sekondari ya Marciac ilikuwa inapungukiwa wanafunzi. Mwaka 1993 ikaanzisha masomo ya jazi, na watoto wakaja kutoka mbali. Émile Parisien, mpiga saksafoni, alisoma pale. Mkuu wa shule, Jean-Louis Guilhaumon, ndiye aliyekuwa akiongoza tamasha, na mwaka 1995 akawa meya. Mimi naona hiyo ndiyo siri yenyewe. Mwaka 2011 wakafungua ukumbi wa kudumu, L'Astrada, muziki ukawa wa mwaka mzima.

Saksafoni Tena: Na mchana pale uwanja wa katikati ya mji kunapigwa bure. Wenye migahawa wanauza, kwa hiyo hawalalamikii kelele.