Naombeni ushauri: Mfalme Edipode alikosea wapi hasa?

Binti_Chimwaga: Habari za jioni wakuu. Niko mwaka wa pili hapa Dodoma, nasoma Fasihi. Nina insha ya Mfalme Edipode, tanzia ya Mgiriki Sophocles kuhusu mtu aliyetabiriwa kumuua baba yake na kumwoa mama yake; tunatumia tafsiri ya S. S. Mushi. Niliandika kwamba Edipode ameangushwa na kiburi. Mwalimu akalizungushia neno hilo wino mwekundu: "Kiko wapi? Nionyeshe." Nimerudia kusoma mara tatu, namwona tu mtu aliyekimbia Korintho ili asije akamuua baba yake. Nakabidhi Ijumaa, nisaidieni.

Mzee_wa_Upinde: Mdogo wangu, usianze kwa kutafuta tabia mbaya. Neno la mwanafalsafa Aristotle kwa kosa linalomwangusha shujaa wa tanzia ni hamartia, na Wagiriki walilitumia hata kwa mtu aliyerusha silaha ikapita pembeni ya shabaha. Kiswahili kinakubeba hapo, maana kosa na kukosa ni ndugu. Babu yangu kule Kwa Mtoro alikuwa mwindaji. Mshale ukipita juu ya mgongo wa swala ukachoma vumbi, tulisema "amekosa", basi. Hakuna aliyemwona ana kiburi. Edipode anamkwepa baba aliyemlea, kumbe aliyemzaa anamuua njia panda bila kumjua.

Zabibu_Chungu: Msimsafishe sana jamani. Pale njia panda alipigwa, akaua karibu msafara mzima. Halafu Tiresia, nabii kipofu, anamwambia ukweli, yeye anamsimanga kwa upofu wake na kumzulia shemeji yake Kreoni njama bila ushahidi. Hasira na majivuno yapo. Ila angalia mpangilio, dada: tunapomwona akifoka jukwaani, baba ameshauawa miaka mingi na mama, aliyemwoa bila kujua, ameshamzalia watoto wanne. Maneno yake kwa Tiresia hayawezi kuwa chanzo cha yaliyokwisha kutendeka. Anzia hapo.

Msafiri_Kondoa: Na usiache pale mchungaji mzee, anayejua asili ya Edipode, anapobanwa aseme. Jokasta, yaani huyo mama aliye pia mkewe, ameshaelewa, amemsihi mumewe aache kuuliza, ameingia ndani. Mzee anasema amefika kwenye jambo la kutisha kulitamka. Edipode anajibu kuwa naye amefika kwenye la kutisha kulisikia, lakini lazima alisikie. Nilisoma hapo nikiwa kwenye basi, nikafunga kitabu mpaka tunafika. Anajua kinachokuja, bado anauliza, kwa sababu aliuahidi mji kuutoa kwenye tauni kwa kumfichua muuaji wa mfalme aliyemtangulia.

Binti_Chimwaga: Asanteni sana kaka zangu. Je, nimlinganishe na Kinjeketile wa Ebrahim Hussein? Naye mwishoni anakataa kulikana neno lake.

Mzee_wa_Upinde: Mlinganishe, ila aya moja tu. Ukurasa wa mchungaji uupe nafasi kubwa, nukuu kwa Kiswahili cha Mushi.