Naomba ushauri: niko nje kikazi, binti yangu amegeuka mama wa nyumba na masomo yanaporomoka

Mama Wawili (mtoa mada)
Habari zenu wakuu. Nipo nje ya nchi, nafanya kazi za ndani. Nyumbani nimemwacha baba watoto na wanetu: binti wa miaka 14 na kaka yake wa miaka 16. Mapatano yetu yalikuwa mimi nitume hela, yeye alee. Ada haijawahi kuchelewa.

Binti alikuwa anashika nafasi za juu darasani, sasa yuko mkiani. Juzi nimempigia simu ya video usiku. Simu kaiegemeza kwenye ndoo, anasugua masufuria huku ananijibu, na daftari la hesabu liko wazi juu ya beseni lililofunikwa. Nyuma nasikia kaka yake anashangilia mpira. Nilipomuuliza baba yao akasema, "Si anajifunza maisha, huyo ni mtoto wa kike." Mama mkwe naye kila siku: rudi, mwanamke haachi nyumba.

Nirudi? Nimchukue binti huku? Nimpeleke bweni? Nawasilisha.

Kisiki
Rudi kalee wanao dada. Hela inatafutwa, mtoto akishaharibika ndio basi.

Bi Hoja
Kisiki, angekuwa baba ndiye kasafiri ungemwita mpambanaji na hakuna ambaye angemwambia arudi. Na akirudi, ada utalipa wewe?

Mwalimu wa Zamu
Watoto wa namna hii tunao madarasani. Anachelewa asubuhi, vipindi vya mwisho anasinzia. Hesabu ndiyo inayoanguka kwanza. Historia unaweza kumsikiliza mwalimu ukaondoka na kitu, lakini hesabu bila mazoezi ya jioni imekula kwako. Kwa hiyo usikimbilie kusema kazembea.

Omba namba ya mwalimu wake wa darasa, umpigie wewe mwenyewe. Usisubiri ripoti ya baba. Uliza siku alizochelewa na kazi za nyumbani ambazo hakukusanya. Ukiwa na hayo mkononi, mazungumzo na mumeo yatakuwa na pa kushika.

Baba Jikoni
Mke wangu naye yuko nje. Mimi napika, nafua, na bado ni mwanaume (wanaocheka wacheke). Nitakachosema kuhusu shemeji hakitampendeza: mke akianza kuleta hela, wapo wanaume wanaoona wakishika na mwiko watakuwa wamebakiwa na nini. Si huko kwenu tu. Ufilipino, ambako akina mama wengi wanaenda nje kwa kazi kama yako, watafiti walikuta mara nyingi kazi za mama haziendi kwa baba. Zinaangukia kwa bibi, shangazi au binti mkubwa.

Usimwambie "msaidie mtoto", maana anayesaidia huacha akichoka. Gawa kazi kwa majina. Maji na vyombo vya usiku ni vya kijana, kupika jioni baba. Kufua, toa sehemu ya hela unayotuma alipwe mtu, na umtumie yeye moja kwa moja.

Mpita Njia
Kumchukua huko usikuone rahisi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 10, unataka maombi ya familia kuungana yashughulikiwe kwa utu na haraka. Ila vibali vingi vya kazi za ndani havikuruhusu kuleta mtoto, na wewe unalala kwa mwajiri. Hata kibali kikipatikana, kuna cheti cha kuzaliwa, ripoti za shule na lugha ya kufundishia. Wengi hurudishwa darasa la chini.

Na huyo kijana mbona hamumuulizi? Mexico iliwahi kuchunguzwa familia zenye mtu aliyehamia Marekani. Wavulana walikuwa wanaacha shule waende nao kutafuta kazi, na wasichana wakubwa wanaacha kwa ajili ya kazi za nyumbani. Yeye anaona hela inatoka nje, asome ya nini?

Mama Wawili
Umenigusa Mpita Njia. Kweli huwa anasema akimaliza atanifuata huku. Mwalimu nimempata. Anasema binti amechelewa karibu kila Jumatatu, na Jumapili ndiyo siku ya kufua nyumba nzima. Bweni ningelimudu, ila nikimwondoa yeye, kaka mtu atabaki hajui hata kuosha kikombe. Naanza na mtu wa kufua. Baba yao nitaongea naye siku yangu ya mapumziko, leo bosi ana wageni.

Bi Hoja
Hiyo siku ya mapumziko uidai. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2011, unasema angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Angalia kama nchi uliyopo imeuridhia.

Kisiki
Sawa, mimi nimesikia. Ila mpira aendelee kuangalia, vyombo vikishaisha.