Je, nimnyoe German Shepherd wangu kwa sababu ya joto la Mwanza?

Mkazi wa Bwiru ameuliza:

Ndugu wafugaji, habari za leo. Naomba ushauri kabla sijafanya jambo ambalo pengine sitaweza kulirekebisha. Ninaye mbwa dume aina ya German Shepherd, umri wake miaka mitatu, niliyemchukua akiwa mdogo kwa shemeji yangu wa Arusha. Ni wa wale wenye manyoya marefu kiasi, mazito zaidi shingoni na nyuma ya mapaja. Tangu nimlete hapa hajaacha kupukutisha. Tunafagia sebule asubuhi, na ikifika saa nane mchana vibonge vya manyoya vimekwisha kujikusanya chini ya makochi kama pamba iliyomwagika kutoka kwenye gunia. Mama mkwe wangu, ambaye amekuja kututembelea kutoka Magu, amesusa kula sebuleni.

Jua likiwa kali, mbwa huhema ulimi nje na kujilaza kwenye sakafu ya bafu la uani. Jirani yangu, kwa nia njema kabisa, ananishauri nimwite kinyozi wa mtaani amnyoe mwili mzima kwa mashine, kwa maelezo kwamba atapoa na manyoya yataota upya baada ya miezi miwili. Mke wangu anapinga. Nimesoma pia maelezo ya wafugaji wa Ulaya kwamba mbwa hawa hupukutisha sana mara mbili tu kwa mwaka, ilhali wangu hupukutisha Januari hadi Desemba. Je, ni mgonjwa? Je, nimnyoe? Na ikiwa kunyoa si sahihi, nifanye nini kwa vifaa vinavyopatikana hapa hapa mjini?

Mfugaji wa Igoma amejibu:

Ndugu yangu, msikilize mkeo, shemeji yetu. Mimi nilinyoa, tena kwa mkono wangu mwenyewe, jike langu lenye damu ya Husky. Siku ya kwanza nilijisifu. Wiki chache baadaye ile sufu ya ndani iliota kwanza, ikajaa kama blanketi la zamani, lakini zile singa ndefu za juu zilichelewa, na nyingine hazikurudi kabisa. Ngozi ya mgongoni iliiva kwa jua ikawa nyekundu, kisha ikaanza kubanduka. Mvua za Machi zilipoanza, maji ambayo zamani yaliteleza juu yake yakawa yanazama moja kwa moja hadi kwenye ngozi, naye akawa ananuka unyevu kutwa. Sasa ni mwaka na miezi kadhaa, na juu ya nyonga bado kuna kiraka cha ukubwa wa kiganja changu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakupoa: alihema vile vile kama kabla sijamnyoa.

Tabibu wa Mifugo, Sengerema amejibu:

Aliyoyaeleza ndugu wa Igoma yanajulikana katika kazi yetu, na yapo sababu zake. Mbwa wa aina hii ana matabaka mawili ya manyoya. La ndani ni sufu fupi, laini na iliyosongamana, ambayo huhifadhi hewa karibu na ngozi. La nje ni singa ndefu na ngumu zinazokinga jua, mvua na miiba. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Kiasi kidogo hutoka kwenye nyayo, na kazi kubwa ya kupunguza joto hufanywa kwa kuhema, hivyo kumwondolea manyoya ili "apate upepo" hakumsaidii kama tunavyodhani. Kinachomletea taabu ni sufu iliyokwisha kufa ambayo haijatolewa. Hiyo hushikamana, hufunga hewa na kunasa unyevu. Ukiitoa kwa chanuo, hewa hupita kati ya singa, na tabaka la nje linabaki likiendelea na kazi yake.

Kuhusu majira, usiwe na hofu. Kupukutika kwa wingi huongozwa zaidi na mabadiliko ya urefu wa mchana. Ulaya mchana wa kiangazi na wa majira ya baridi hutofautiana kwa saa nyingi, lakini Mwanza ipo karibu nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, na mchana wetu ni wa takribani saa kumi na mbili mwaka mzima. Mwili wa mbwa wako haupati ishara ya wazi ya kuvua koti lote kwa pamoja, kwa hiyo hulivua kidogo kidogo kila siku. Huo si ugonjwa. Ugonjwa ungeushuku endapo ungeona upara wa mviringo wenye magamba, ambao huenda ni choa, au akijikuna hadi kutoa damu, au manyoya yakipungua pande zote mbili za mwili bila kuwasha, hali ambayo wakati mwingine hutokana na tezi ya shingo kufanya kazi kwa udhaifu.

Mashine tunaitumia tunapohitaji kushona jeraha, kufanya upasuaji, au manyoya yaliposongamana hadi kuvuta ngozi. Kupunguza kwa mkasi manyoya yaliyo kati ya vidole na chini ya mkia ni sawa.

Mama wa Nyegezi amejibu:

Baba, mimi ninaye jike wa aina hiyo hiyo kwa mwaka wa sita sasa, naye hulala ndani. Naomba nieleze kazi yenyewe ya mikono, kwa sababu wengi husema "nampiga brashi kila siku" kumbe wanapapasa juu tu, na sufu imebaki chini pale pale.

Utahitaji vitu viwili: chanuo la chuma lenye meno marefu yaliyoachana na brashi ya waya mwembamba. Maduka ya dawa za mifugo mara nyingine huwa nayo. Mimi chanuo langu nililipata kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, ndani ya boksi la vyombo vya jikoni, na muuzaji mwenyewe hakujua ni la nini. Kabla ya kununua, sugua meno yake kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako. Likikukwaruza wewe, litamkwaruza na yeye.

Mlaze ubavu kivulini baada ya matembezi, akiwa amechoka. Anzia chini ya paja. Kwa mkono wa kushoto kandamiza manyoya kuelekea juu mpaka uone mstari mweupe wa ngozi, kisha kwa mkono wa kulia shusha manyoya kidogo kidogo kutoka kwenye mstari huo, ukivuta kufuata yanakoelekea. Chanuo likipita bila kukwama, sogeza mstari juu kwa upana wa kidole, uendelee. Sufu iliyokufa ina rangi iliyopauka kuliko singa, nayo hutoka kwa vishungi bila mbwa kushtuka. Akigeuza kichwa kukutazama, umevuta iliyo hai. Paja moja linaweza kukuchukua dakika ishirini siku ya kwanza. Usilazimishe kumaliza mwili wote. Paja leo, shingo kesho. Baada ya hapo mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha.

Chana kabla ya kuogesha, kamwe usifanye kinyume chake, kwa kuwa fundo likilowa hukaza kama kamba. Kuogesha ni mara moja kwa mwezi au hata miwili, kwa shampuu ya mbwa. Suuza mpaka maji yatoke meupe, na ukaushe mpaka kwenye ngozi, si juu tu: taulo mbili, halafu feni au draya isiyo ya moto. Ukimwacha mbichi chini ya sufu usiku kucha, kesho yake utakuta kidonda chenye majimaji nyuma ya sikio.

Sufu utakayotoa iweke juu ya ua. Shorewanda wataichukua kujengea viota.

Kijana wa Kirumba amejibu:

Wakubwa, shikamooni. Kwani tusimpeleke ziwani kila Jumapili akaogelea, tukarudi tukampaka ile dawa ya josho la ng'ombe? Kwetu mbwa wote tuliwafanyia hivyo na kupe waliisha.

Tabibu wa Mifugo, Sengerema amejibu:

Marahaba. Dawa ya josho imepimwa kwa ajili ya ng'ombe, naye mbwa hujilamba. Nimepokea mbwa waliopakwa kwa kukadiria kwa kifuniko cha chupa, wamelegea, wanayumba, na moyo unapiga polepole. Tumia dawa ya kupe ya mbwa kwa uzito wake, na usome maelezo kama nyumbani kuna paka, kwa maana baadhi ya dawa za mbwa zina permetrini, ambayo ni sumu kwa paka. Na Mama wa Nyegezi, sufu ya mbwa aliyepakwa dawa ya kupe karibuni itupwe, wasipewe ndege.

Ziwani, mbwa huogelea na wewe husimama kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, mahali ambapo konokono wa kichocho huishi. Hatari hiyo ni yako zaidi kuliko yake. Mkimaliza, msuuzeni kwa maji ya bomba na kumkausha kama alivyoelekeza mama.

Joto lenyewe lipungue kwa njia nyingine: matembezi kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni, kivuli cha mti badala ya banda la bati, na maji muda wote. Miamba yetu hii ikipata jua la mchana huunguza nyayo. Joto la kawaida la mbwa ni takribani nyuzi 38.3 hadi 39.2. Likizidi 41, mmwagie maji ya kawaida huku mkimkimbiza kwa daktari.

Mkazi wa Bwiru amejibu:

Nawashukuru nyote. Zimepita Jumamosi mbili, na sufu niliyotoa imejaza mfuko wa unga wa kilo tano. Paja la kushoto peke yake lilitoa karibu nusu yake. Hajapungua kwa macho, ila ukipitisha vidole unaifikia ngozi. Kinyozi nimemwambia asije. Kuna fundo moja gumu nyuma ya sikio la kulia ambalo hataki niliguse. Mama mkwe jana amekula sebuleni, ingawa sahani yake ilifunikwa kwa kawa.

Mama wa Nyegezi amejibu:

Fundo hilo usilivute. Tia mafuta kidogo ya nazi, liachanishe kwa vidole, na likikataa, pitisha chanuo kati yake na ngozi kuwa kinga, ndipo ulikate kwa mkasi kwa urefu, kuelekea nje. Mtu mwingine amshike kichwa, na awe yule anayempa chakula.