Naomba ushauri: Kipindi cha Kiyunani saa nane mchana na wanafunzi wanaosinzia

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Ninafundisha Kiyunani cha Agano Jipya katika chuo kimoja cha theolojia, na ratiba imenipangia saa nane mchana, mara tu baada ya ugali na maharage. Hapo ndipo tunapokariri minyambuliko ya kitenzi luo (maana yake "kufungua"), ambacho wanafunzi wengi wa Kiyunani huanza nacho, na ndipo vichwa vinapoanza kuinama kana kwamba nimetangaza sala ya kimya. Juzi nilichukua daftari la mmoja wao nikakuta herufi nzuri kabisa hadi katikati ya ukurasa, kisha mstari mmoja wa wino ukiteremka taratibu hadi pembeni.

Niliwakumbusha habari za Eutiko, aliyesinzia dirishani kule Troa akaanguka kutoka orofa ya tatu Paulo alipokuwa akihutubu (Matendo 20:9). Mwanafunzi mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi kitu, alinijibu kwa heshima zote kwamba Mwalimu atambue kuwa darasa letu halina orofa. Sikuwa na la kumjibu, na nakiri nilicheka kuliko wao.

Kuhamisha kipindi haiwezekani, kwa kuwa asubuhi imekwisha kushikwa na walimu walionitangulia kazini. Walimu wenzangu, hasa mnaofundisha lugha, je, niwafundishe wakiwa wamesimama, niwaimbishe minyambuliko hiyo kwa tuni za tenzi, au nimwendee mpishi kwa unyenyekevu kuhusu ukubwa wa ugali?